Paka Akijikuna, Tafuta Chanzo Kabla ya Sindano

Mwezi jana mama mmoja alimleta bintiye wa miaka sita katika kliniki yangu hapa Nairobi kwa mara ya tatu. Miguu ya mtoto ilijaa vipele vyekundu vya kuwasha, hasa kwenye vifundo. Mara mbili nilikuwa nimempa dawa ya upele, na mara mbili vipele vilirudi. Ndipo nikauliza swali nililofaa kuuliza mwanzo: mama, mnafuga mnyama nyumbani?

"Tuna paka, daktari," akajibu, "naye hujikuna hadi manyoya yamemtoka mgongoni. Hudungwa sindano, akapata nafuu, kisha hali ikarudi. Nimeamua nikamtupe sokoni."

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Lakini kosa langu na la aliyemdunga paka ni moja: sote tulitibu mwasho bila kutafuta unakotoka. Sindano za aina hiyo aghalabu huwa za steroidi. Huzima mwasho, naam, lakini haziondoi kinachouleta, na zikitumiwa kwa muda mrefu zaweza kumletea paka kisukari.

Kwa maoni yangu, uchunguzi yafaa ufuate utaratibu. Kwanza ni viroboto, kwani mzio wa mate ya kiroboto ndio wa kawaida zaidi kwa paka, na viroboto wachache tu watosha kuuanzisha. Usidanganyike kwamba hawapo kwa kuwa huwaoni. Paka hujilamba akawameza. Mchane kwa chanuo lenye meno yaliyobanana, kisha ukung'ute uchafu juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Chembe nyeusi zikitoa rangi ya damu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Mayai yao huanguka zuliani na kwenye makochi, kwa hivyo kumtibu paka peke yake ni kazi bure. Tibu kila mnyama wa nyumba, fua matandiko kwa maji moto, na usafishe zulia kwa miezi kadhaa bila kuchoka.

Pili, daktari wa mifugo ampime choa, au mashilingi kama wengi wanavyouita. Huo si mzio, lakini waweza kufanana nao, na huambukiza watoto.

Tatu ni chakula. Nyama ya ng'ombe, samaki na kuku ndivyo vinavyoshukiwa zaidi, hata kama paka amekula omena tangu utotoni. Vipimo vya damu havitegemeki hapa. Hupewa chakula cha nyama asiyowahi kuila, mathalan sungura, kwa wiki 8 bila kingine chochote, kisha hurudishiwa cha zamani. Akianza tena kujikuna, mshtakiwa amepatikana. Daktari apange chakula hicho, maana nyama tupu haimtoshi paka. Vumbi na chavua hushukiwa mwisho.

Nawaonya pia wasomaji: msimpake paka dawa ya viroboto ya mbwa. Nyingi zina permethrini, ambayo humletea paka kifafa na hata kifo. Paracetamol nayo ni sumu kwake.

Watakuwepo watakaouliza, nigharimie paka na karo ya watoto haijalipwa? Swali ni la haki. Lakini mama yule alikuwa tayari amelipia sindano zile zote, na kunilipa mimi mara tatu. Chanuo na karatasi vingemgharimu shilingi chache.

Na kumtupa paka kusingemsaidia. Viroboto wangebaki nyumbani, na wakimkosa paka wangezidi kumuuma mtoto. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika nyumba ile, kilikuwa zuliani.