Hiliki ya Chupa Si Hiliki

Wapo wasemao kuwa chai ikinukia viungo yatosha, harufu imetoka wapi si hoja. Mimi sikubaliani nao.

Juzi dukani nimepata ulongi, chai ya Kichina iliyochanganywa matunda na viungo. Chai hii ina sifa kubwa Fujian na Taiwan. Majani yake huanikwa, yakatikiswa, kisha yakaachwa yageuke nusunusu kabla ya kutiwa moto. Basi si ya kijani, wala si nyeusi kama yetu ya Kericho, na ina harufu yake ya asili.

Kuisoma pakiti, chungwa na mdalasini vimeandikwa "ladha" tu. Hapo ndipo penye neno. Baadhi ya ladha za viwandani huyeyushwa kwa alkoholi, na Mwislamu ana haki ya kuuliza kabla ya kunywa.

Ushauri wangu: nunueni ulongi tupu. Kwenye buli tieni ganda kavu la chungwa, kijiti cha mdalasini na hiliki mbili zilizopondwa. Tangawizi na karafuu iachieni sturungi. Ulongi ni chai pole, haistahimili vishindo. Mwenye kinu jikoni hanunui harufu.