Ushahidi wetu ukae kwetu: feza ziende kwenye diski

Vijana wenzetu, raia,

Kila maandamano yanazaa video. Kila video inakaa kwenye simu ya mtu mmoja. Simu ile ikikamatwa, ama ikiibiwa, ama ikianguka majini, ushahidi umekwisha. Tunajibiwa: "Wekeni yote kwenye mtandao." Mtandao gani? Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa katika inchi, na ilirudi karibu wiki tatu kisha. Hata siku yenye iko, nani kati yetu ana mega za kupandisha video ya saa nzima?

Njo maana tunasema: kila kundi la mtaa lijijengee seva ndogo ya kuhifadhi, nyumbani, kwa mchango wake.

Hapa tunagombana na mawazo mawili. La kwanza ni kungoja mfadhili alete sanduku jipya kutoka Ulaya. Tutazeeka tukingoja. La pili ni la wale wanaokimbia Birere kununua mashini ya michezo, yenye kadi kubwa ya picha na taa za rangi. Wandugu, hiyo ni kuchoma mchango wa watu. Kutunza faili si kazi nzito. Kompyuta ya ofisi iliyotumika, ya miaka kumi, yenye RAM ya giga 8, inatosha kabisa.

Fanyeni hesabu ya umeme, maana delestaji haina huruma. Mashini inayokula wati 30 inamaliza wati-saa 720 kwa siku. Batri ya volti 12, ya ampea-saa 100, ukitumia nusu yake ili isife haraka, inakupa kama wati-saa 600. Mashini ile ndogo inavuka usiku mzima. Mashini ya kujionyesha inayokula wati 100 inazima kabla ya asubuhi.

Basi feza ziende wapi? Kwenye diski mbili, kila kitu kiandikwe kwenye zote mbili. Moja ikikufa, ingine inabaki. Musikubali diski yenye haijapimwa. Muuzaji akisema "iko sawa," muunganishe, musome saa ilizotumika: saa 40,000 ni zaidi ya miaka minne bila kulala. Ikionyesha sehemu zilizoharibika, muirudishe hata kama bei ni ya kucheka. Tena muulize kama ni SMR. Diski ya namna hiyo inaandika mistari ikilaliana kama mabati ya paa: ukitaka kubadilisha bati moja, unagusa na ya jirani. Siku ya kujaza diski mpya kisha moja kufa, itawachosha. Mwaka wa 2020 Western Digital ilikubali kwamba iliuza diski za namna hiyo ndani ya aina yake ya Red, ya seva za nyumbani, bila kuandika wazi. Kama kampuni kubwa inanyamaza, sisi tuulize mara mbili.

Kitu cha pili ni kisanduku cha umeme ndani ya mashini. Kile cha bure bure, umeme ukirudi kwa nguvu, kinaweza kuua diski zote mbili mara moja.

Kisha mufunge diski kwa neno la siri. Wakibeba seva, wabebe chuma. Na musijidanganye: diski mbili ndani ya nyumba moja ni nakala ya nyumba moja. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ilimeza nyumba za watu. Nakala ya tatu ilale mtaa mwingine, ama mji mwingine.

Mutasema hamujue kuunga hivi vitu. Wengi wetu tuna diploma na hatuna kazi. Muda tunao, na kujifunza hakuombi ruhusa ya mtu.

Koltani ya Rubaya inatoka hapa kama udongo. Inarudi kwetu ndani ya mashini zenye wengine wamechoka nazo. Basi mashini hizo zilinde majina ya watu wetu, sura zao na sauti zao. Siku ya hukumu mahakamani, musiseme "tulikuwa na video." Museme: "Hii hapa."