Sauti Ina Mwenyewe



Mwaka jana mama mmoja wa mtaani kwetu alifiwa na mwanawe baharini. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alilia kwa sauti mpaka wenziwe wakamshika na kumkumbusha subira. Kijana mmoja aliyekaa barazani akakinasa kilio kile kwa simu yake. Haukupita mwezi, kilio hicho hicho, kimekatwakatwa, kimepunguzwa mwendo na kutiwa mwangwi, kikasikika harusini pamoja na ngoma. Yule mama alipoitambua sauti yake aliinuka akafunga dirisha.

Nilimwita kijana. Hakuona haya. "Maalim," akanambia, "hii ni sanaa ijulikanayo duniani. Sauti ikishanaswa haina mwenyewe tena. Ni udongo tu mkononi mwa mfinyanzi." Basi natuipime hoja hii kwa uadilifu, mimi na wewe.

Ni kweli sanaa hiyo ipo. Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alinasa milio ya treni katika stesheni ya Batignolles, Paris. Akaikata, akairudiarudia, akaipanga, na tarehe 5 Oktoba 1948 ikasikizishwa redioni. Alitambua pia kwamba mlio wa kengele ukiondolewa ule mshindo wa kwanza, ukabaki uvumi wake, msikilizaji hajui tena kuwa ni kengele. Akafundisha watu waisikilize sauti kwa umbo lake, wasiulize imetoka kwa nani.

Kwa hayo sina ugomvi naye. Treni haina siri wala kengele haina jamaa. Wala siilaumu mashine. Mashine hizi ndizo zilizotuletea kisomo cha Qurani nzima cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, kilichonaswa Misri mwaka 1961, kikaingia majumbani mwetu. Illa kanuni ifaayo kwa chuma haimfai mwanadamu.

Tazama yaliyokuwa Cairo kabla ya hayo ya Paris. Mwaka 1944 Halim El-Dabh aliazima kwenye redio mashine ya kunasa sauti katika waya, akaingia nayo kwenye zaar, ngoma ya wanawake ya kupunga pepo. Mwenyewe alisimulia kwamba wanaume hawakuruhusiwa, kwa hiyo waliingia wamejifunika vichwa kama wanawake. Kisha akazichuja sauti zile na kuzitia mwangwi mpaka zikawa kitu kingine, akawasikizisha watu. Leo wataalamu wanamtaja miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa wa sanaa hii.

Wanijua, msomaji: ngoma za pepo nimezikataza tangu ujanani. Lakini kosa la wanawake wale, likiwa kosa, halikumhalalishia mtu kuingia kwa kujificha na kutoka na sauti zao. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Suratun-Nur tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na kutoa salamu. Je, mlango wa mtu upigiwe hodi, na kifua chake kifunguliwe bila ya hodi?

Mlango huo ukiachwa wazi, haubaki kwenye ngoma. Mwaka 1981 Brian Eno na David Byrne walitoa santuri ya namna hii, wakatia ndani yake sauti za Waislamu wa Algeria wakisoma Qurani, chini yake midundo. Waislamu wa Uingereza walipolalamika, kipande kile kiliondolewa katika matoleo ya baadaye. Tuwape haki yao: waliambiwa wakasikia. Nasi tuwe na masikio hayo.

Kijana atasema: "Lakini nimeigeuza, haitambuliki." Kwanza, mwenyewe aliitambua. Pili, nakuuliza, mwanangu: ikiwa sauti ni udongo tu, kwa nini hukunasa mlio wa mlango mbovu? Ulitaka kilio kwa sababu ndani yake mna uchungu wa kweli. Basi umeutaka uchungu na umemkataa mwenye uchungu. Huko ni kuchukua mali na kusema haina mwenyewe.

Enyi wazazi, wafundisheni watoto kuomba idhini kabla ya kunasa sauti ya mtu, khasa penye kilio, ugonjwa na faragha za wanawake. Na alonaswa akisema "futa", na ifutwe. Sikio, jicho na moyo, vyote vitaulizwa Siku ya Kiama.

Kijana wetu ameufuta wimbo wake. Ni vyema, lakini haitoshi. Haki ya Mungu huombwa kwa Mungu. Haki ya mja huombwa kwa mja. Mlango wa yule mama anaupita kila siku akienda sokoni, na bado hajapiga hodi.

Wabillahi tawfiq.