Jua la Asubuhi, Mvua ya Alasiri

Msafiri wa baiskeli atokaye pwani ya Ziwa Viktoria kwenda Sotik hupita nchi ya Wagusii, na huko hujifunza kutoliamini anga jeupe la asubuhi. Mji wa Kisii umeinuka kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari, hali Ziwa liko mita 1,134 tu. Upepo wenye unyevu utokao ziwani hupandishwa na vilima, hupoa, ukamwaga mvua, aghalabu alasiri. Asubuhi jua huwaka juu ya migomba na michai. Saa nane ngurumo hulia.

Tokea Kisii mpaka Keroka, mpakani mwa Nyamira, njia ni ya kupanda na kushuka. Mwenye busara huondoka alfajiri. Mvua ikimkuta mteremkoni, hukumbuka kuwa breki za mpira hazishiki upesi gurudumu lililolowa. Basi hupunguza mwendo mapema, au hushuka akaikokota baiskeli. Radi ikianza, hakimbilii chini ya mti, bali huomba hifadhi nyumbani mwa watu. Afadhali kulala njiani usiku mmoja kuliko kuvunjika mguu. Hata vilimani, mwenda pole hajikwai.