Gamba la Mdudu na Nguo za Kesho

Ndugu msomaji, nenda ghalani ukamtafute fukusi mmoja kwenye mahindi. Mweke juu ya kidole gumba, kisha mbonyeze kwa kidole kingine. Atateleza, au atajifanya amekufa. Ukitaka kumponda huna budi kutumia ukucha. Mdudu huyu ni mdogo kuliko punje ya mchele, lakini hapondeki kirahisi. Kwa nini?

Sababu ni gamba lake. Sisi watu tuna mifupa ndani na nyama nje. Mdudu hana mfupa hata mmoja. Gamba la nje ndilo mifupa yake, ndilo ngozi yake, na ndilo nguo yake.

Sasa mtazame panzi. Mguu wake ni mgumu, tena una miba. Tumbo lake ni laini. Penye goti panakunjika. Hata hivyo, sehemu zote hizo zimejengwa kwa kitu kile kile. Kitu hicho huitwa kaitini. Kaitini ni nyuzi nyembamba mno, jicho haliwezi kuziona. Nyuzi hizo zimeshikamanishwa kwa protini. Zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka limegeuzwa kidogo, lisielekee sawa na lile la chini yake. Ufa ukianza katika tabaka moja hauendi mbali. Ukifika tabaka la pili unakuta nyuzi zimelala upande mwingine.

Juu kabisa ya gamba kuna nta nyembamba. Hilo ndilo koti la mvua la mdudu. Maji ya nje hayaingii, na maji ya mwilini hayatoki. Hapo utafahamu kwa nini wazee huchanganya maharage na majivu kabla ya kuyaweka ghalani. Majivu makavu yaliyochekechwa huikwangua nta ile na kuinyonya. Mdudu hukaukiwa maji akafa. Lakini majivu yawe makavu kweli. Majivu yenye unyevu hayafanyi kazi hiyo vizuri, tena yanaozesha maharage. Mimi nilijifunza hilo kwa kupoteza debe zima.

Utauliza, mambo haya yanahusu nini nguo? Yanahusu sana. Watu wanaobuni vitambaa vya miaka ijayo wana shida moja. Kitambaa laini hakimkingi mtu. Kinachomkinga ni kigumu, kizito, na kinachosha. Mwendesha bodaboda angependa koti lililo gumu begani na kwenye kiwiko, lakini laini kwapani. Tena vitambaa vingi vya siku hizi, kama nailoni na poliesta, hutokana na mafuta ya petroli. Vikitupwa shambani haviozi upesi. Panzi ana vazi jepesi, gumu hapa na laini pale. Akifa, vazi hilo linaoza na kuwa udongo.

Mwaka 2011 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walitangaza kwamba wameliiga gamba hilo. Majina yao ni Javier Fernandez na Donald Ingber. Walitumia maganda ya kamba. Sisemi kamba ya kufungia mbuzi. Nasema kamba wa baharini, jamaa wa uduvi, ambaye ganda lake pia lina kaitini. Wakachukua na protini ya hariri, ile inayotoka kwa kiwavi. Vitu hivyo viwili wakavipanga tabaka kwa tabaka, kama alivyo mdudu. Walichopata wakakiita Shrilk. Kina nguvu kama aluminiamu, ile ya kutengenezea sufuria, lakini uzito wake ni nusu tu. Wakati wa kukitengeneza, maji yakizidi kinakuwa laini, na maji yakipungua kinakuwa kigumu. Kikitupwa kinaoza.

Tuseme kweli, ndugu msomaji. Hicho bado si kitambaa cha kumpelekea fundi cherehani. Kinafanana zaidi na karatasi ya plastiki. Tena kisipopakwa kitu cha kuzuia maji, kikilowa kinalegea. Yaani fukusi bado anawashinda kwa ile nta yake.

Wengine wanatazama mishono. Huko California, Marekani, yuko mbawakawa mmoja ambaye hata gari likimkanyaga hafi. Mwaka 2020 wataalamu walieleza siri yake. Magamba yake mawili ya mgongoni yamepachikana katikati, kama vidole vya mikono miwili vilivyofungamana. Anaweza kubeba uzito unaozidi wake mara 39,000. Wataalamu hao waliuiga mshono huo ili kuunganisha vitu vya namna mbili bila msumari.

Kazi ya namna hii haiko ng'ambo tu. Nairobi kuna kituo cha kuchunguza wadudu kiitwacho icipe. Kilianzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya. Huko wamepata kaitini katika magamba ya nzi wanaofugwa kwa ajili ya chakula cha kuku. Wengine wangeyatupa magamba hayo.

Kwa ninyi wa Malangali na Ufipa nzima, habari ya nyuzi si ngeni. Katika karne ya 19 Wafipa walilima pamba, wakasokota nyuzi, na kufuma nguo zao wenyewe. Wasafiri waliopita huko waliziona nguo hizo wakaandika habari zake. Baadaye zikaja nguo za viwandani kama merikani. Bei yake ilikuwa rahisi, na ufundi ule ukafifia.

Mfumi wa zamani alitandika nyuzi za mtande upande mmoja. Kisha akapitisha mshindio kuzikata, ili nguo isichanike. Alizipa nyuzi pande mbili. Mdudu huzipa pande nyingi, tabaka baada ya tabaka. Huenda mfumi yule angewaelewa watu wa Harvard upesi kuliko sisi tunaonunua nguo dukani.

Kama nyumbani kwenu yuko bibi au babu aliyesimuliwa jinsi nguo zilivyofumwa Ufipa, muulize. Kitanda cha mfumi kilitengenezwa kwa mti gani? Nguo moja ilichukua siku ngapi? Andika majibu yake kwa mkono wako mwenyewe, kisha ututumie.