Mwadingusha: Pumzi ya utulivu yasaidia wazee wenye tansio, lakini haichukui nafasi ya dawa

Huko Mwadingusha, kwenye mto Lufira, watu wanajua nguvu ya maji. Tangu mwaka 1930 maji ya mto huo yanazungusha mashine za umeme. Kila fundi anajua kwamba presha ikizidi, bomba linaweza kupasuka. Mishipa ya damu ya mzee iko vivyo hivyo. Ugonjwa ambao wengi wanauita tansio mara nyingi hauumi, mpaka siku mzee anapoanguka na upande mmoja wa mwili kulegea.

Kwa familia zilizohama, mzigo ni mkubwa zaidi. Wazee wa Likasi wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa na kulala kwenye stesheni zikingoja gari moshi. Wengine walikimbia Mitwaba, Pweto na Manono miaka ya 2000, wakati wa vita vya Mai-Mai. Mtu anayekimbia usiku anaacha vidonge vyake na karatasi za hospitali. Akifika salama, bado usingizi ni shida. Kila kishindo kinamshtua, moyo unakwenda mbio na mishipa inakaza.

Hapo ndipo mazoezi ya utulivu yanasaidia, na hayaombi hata faranga moja. Mzee anakaa kwenye kiti, miguu chini. Anavuta pumzi kwa pua akihesabu 4, kisha anaitoa polepole akihesabu 6. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Afanye hivyo dakika 10 au 15 kila siku. Anaweza pia kukaza misuli ya miguu kidogo, kisha kuilegeza, akipanda hivyo mpaka mabega na uso. Njia hiyo ya misuli ilielezwa na daktari Edmund Jacobson wa Marekani karibu miaka 100 iliyopita. Akimaliza, asisimame haraka, asije akapata kizunguzungu.

Wapo wanaocheka: mzee hana chakula, nanyi mnamwambia apumue? Wana haki ya kuuliza. Tafiti zinaonyesha kwamba mazoezi haya yanaweza kushusha presha, lakini kidogo, na si kwa kila mtu. Hayajazi sahani, wala hayarudishi nyumba iliyochomwa. Lakini kidogo hicho, pamoja na dawa na kupunguza chumvi, kina faida. Mzee anayekula bukari na makayabu kila siku anajua chumvi inatoka wapi: samaki huyo alowekwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa.

Kosa kubwa zaidi ni la yule anayejisikia vizuri baada ya siku chache na kuacha vidonge. Tansio haipimwi kwa kujisikia. Inapimwa kwa mashine. Ikirudia kufika 140 kwa 90, ambayo wauguzi wengi wanaiita 14 kwa 9, inafaa kufuatwa. Na mzee akiumwa kifua, akipinda mdomo au akishindwa kusema, si saa ya mazoezi: apelekwe hospitali mara moja.

Kwa hiyo viongozi wasifanye pumzi kuwa kisingizio cha kutoleta dawa. Kila kituo cha afya, na kila mahali wahami wanapopokelewa, pawe na mashine ya kupima tansio inayofanya kazi na vidonge visivyokatika. Wauguzi nao wafundishe mazoezi haya wakati wazee wanangoja zamu yao.

Kwa familia, kazi inaweza kuanza leo jioni. Zima redio baada ya habari, keti karibu na mzee, mhesabu pamoja. Kesho asubuhi mkumbushe kidonge chake.