Magadi nayo ni chumvi



Katika nyumba nyingi za Mbulu na Hanang, mzee akishaambiwa ana presha, kikopo cha chumvi huondolewa mezani. Ni jambo jema. Lakini jikoni chungu cha makande au maharage kimeshatiwa magadi, na hayo hayahesabiwi. Kwa wanaoishi jirani na Ziwa Balangida, chumvi na magadi si vitu vya kutafuta mbali.

Kinachopandisha presha katika chumvi ni madini ya sodiamu, na magadi yana sodiamu tele. Ikizidi mwilini, figo hubakiza maji, damu huongezeka ujazo na mishipa hubeba msukumo mkubwa. Mgonjwa anaweza asihisi chochote kwa miaka, mpaka siku mshipa wa kichwani unapopasuka, upande mmoja ukapooza, nasi tukaanza kusema kapigwa na jini.

Wapo wanaodai presha ni ya ukoo tu. Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa ya utafiti juu ya Wajaluo wa Kenya waliohamia Nairobi kutoka vijijini. Ndani ya miezi michache tu presha zao zilikuwa juu kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na mkojo wao ulikuwa na sodiamu nyingi zaidi. Ukoo ulikuwa ule ule.

Wengine hunywa maji mengi wakiamini yanaosha chumvi. Maji ni lazima kwa afya, lakini si dawa ya chumvi, na mwenye moyo au figo dhaifu anaweza kuvimba. Huyo anywe kwa kipimo cha daktari.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ya kwenye mkate na dagaa. Aya ya 31 ya Surat Al-A'raf inakataza israfu katika kula na kunywa, nami sioni kwa nini tuikumbuke kwenye pilau na nyama tu.

Najua mama hutia magadi kwa sababu kuni ni taabu na maharage ni magumu. Basi yalowekwe usiku kucha, maji yale yamwagwe, yapikwe kwa maji mapya.

Na mwenye presha anayetaka kufunga Ramadhani asiache vidonge. Amwone daktari kabla mwezi haujaandama, apangiwe saa za kumeza kati ya futari na daku.